Kreti Yenye Utepe wa Kijani

Kreti ilifika Alhamisi. Flemming Toftegaard aliishusha garini mwenyewe, akaibeba kwa mikono miwili kwa heshima zote, akaiweka chini ya ngazi karibu na mabuti ya mvua. Akatafuta utepe wa kijani uliobaki Krismasi, akaufunga fundo kubwa juu ya chupa. Zilikuwa bia za mwanawe Asger. Jumapili Asger angepata kipaimara, na Jumatatu angekwenda mjini Holstebro na wenzake wa darasani, siku ile wanayoiita Jumatatu ya buluu, ambayo mtoto wa miaka kumi na minne huachiwa shule, akapewa hela zake za zawadi mfukoni, na mzazi anayejiona anakwenda na wakati humtilia na chupa kwenye begi.

Maren, dada yake Asger, alirudi kutoka kazini saa kumi jioni akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alivua viatu, akainama kuvisogeza, akaiona kreti. Alibaki ameinama.

"Baba, hii ni nini?"

"Una macho."

"Nauliza ni ya nani."

"Ya mwenye siku yake." Flemming alikuwa jikoni anamenya yai. "Na usianze, Maren. Nimechoka, na nina njaa."

"Ana miaka kumi na minne."

"Najua ana miaka mingapi, nilikuwepo alipozaliwa. Sikiliza, mwanangu. Atakunywa tu. Nisipompa mimi atapewa na wahuni nyuma ya kituo cha basi. Afadhali ajifunze kwa baba yake. Mimi nilianza na umri huohuo, na baba yangu vilevile, na babu yangu kabla yake. Nina kasoro gani? Nyumba nimejenga, watoto nimelea, kodi nalipa. Ile Jumatatu yangu ndiyo siku bora kuliko zote nilizopata kuishi. Muulize mama yako."

"Mimi sikuwepo," alisema Bente, mkewe, bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Mtoto akililia wembe mpe, husema wahenga, umkate apate adabu. Flemming hakuwahi kuisikia methali hiyo, lakini ndiyo aliyoifuata maisha yake yote, na tofauti yake na wahenga ni moja tu: wahenga walimtaka mtoto kwanza aulilie huo wembe. Asger hakuwa amelilia kitu. Alikuwa chumbani kwake anajaribu suti iliyombana kwapani.

"Jumapili nitasimama niseme," Maren alisema.

"Sema, nani kakukataza? Kila mtu husema." Baba yake alitia yai mdomoni. "Ila andika kwenye karatasi, usije ukasahau katikati ukatuaibisha."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuchukua mwavuli, na hapo ndipo lilipomchoma Maren kuliko tusi.

"Sitaandika hata neno moja."

Flemming akautazama mkono wa kushoto wa Maren, uliojaa tarakimu za penseli kutoka kiwiko hadi kiganja, akacheka. "Na huo?"

"Huu ni wa kazi," Maren alisema, akapanda ngazi.

Mkono ule una historia yake.

Maren Toftegaard alipata kipaimara akiwa mtoto mwepesi wa kichwa, wa kusoma ukurasa mara moja akakueleza mpaka nukta. Majira ya kuchipua ya mwaka ule wazazi wa darasa lake waliitana mkutano shuleni, wakanywa kahawa, wakala keki, wakajadili kwa utulivu mkubwa ni bia ngapi zinamtosha mtoto kwenye sherehe. Walikubaliana mbili kila mmoja. Walijiona wazazi wa mfano. Flemming alinunua kreti nzima, akasema mbili ni za walokole, na Jumatatu ile Maren akapakiwa kwenye basi la Holstebro na wenzake wakiimba.

Hakuwa mtoto mtundu. Hilo watu hawalipendi kusikia, kwa sababu wangependa aliyeharibikiwa awe tangu mwanzo na lake jambo. Maren alikunywa kama walivyokunywa wote, Ijumaa na Jumamosi, kwenye vyumba vya chini vya nyumba za wenzake, wazazi wakiwa juu wanatazama televisheni. Tofauti ni kwamba yeye aliweza. Alikunywa na wavulana wakubwa wakaanguka, yeye akabaki amesimama, wakampa jina la Pipa, na jina hilo alilivaa kama nishani. Asubuhi walimsimulia aliyoyafanya, naye akacheka pamoja nao. Alidhani wote wako vile, kwamba usiku ni kitu ambacho mtu husimuliwa.

Kisha shule ikaanza kumponyoka. Alisoma ukurasa, akaufunua, na ule wa nyuma ukawa kama hakuwahi kuuona. Mwalimu wa historia alimwita mvivu, na mwalimu wa hesabu akamwambia umri huo wote hupumbaa kidogo, yatapita. Pombe si chai, lakini nani angesema hivyo, wakati walimu wenyewe walisimamia sherehe ya Ijumaa shuleni na kuuza bia kaunta? Mtihani wa mwisho alikaa mbele ya karatasi, akalisoma swali la kwanza mara nyingi mpaka maneno yakageuka mistari tu. Alitoka nje, akaketi juu ya ukuta wa kuegeshea baiskeli, na hakurudi.

Akiwa na miaka kumi na tisa alianza kuogopa. Mama yake alimpeleka hospitali, akakutana na mwanasaikolojia mpole mwenye miwani ya kamba, aliyemsomea orodha ya maneno: kitanda, ndoo, mchungaji, mvua, na mengine kama hayo. Walicheza na vibao vya rangi, wakachora saa, halafu mwanasaikolojia akasema, sasa niambie yale maneno. Maren alimwambia ndoo. Alifikiri sana. Akamwambia tena ndoo.

"Mimi ni mjinga?" aliuliza.

"Hapana, hata kidogo," mwanasaikolojia alisema. "Unafikiri vizuri. Kinachokusumbua ni kuweka kitu kipya kichwani na kukishika. Ubongo katika umri ule bado unajengwa, unaendelea kujengwa mpaka miaka ishirini na kitu, na sehemu inayohifadhi mambo ndiyo huumia mapema. Siwezi kuapa kwamba ni pombe tupu. Lakini ukiacha, kuna kitakachorudi."

"Chote?"

"Sijui. Huenda si chote."

Maren alimpenda kwa kusema sijui. Aliacha siku ileile, na kuacha kwenyewe hakukuwa na hadithi tamu. Alikuwa na hasira mwaka mzima, akapoteza marafiki wote isipokuwa mmoja. Shule yake ya zamani ilisikia, ikamwita aje kuzungumza na wanafunzi, awe funzo. Akawajibu kwamba yeye si sanamu ya shambani ya kutishia ndege, na kama wanataka funzo waanze kwa kufunga kaunta yao ya Ijumaa. Hawakumwita tena.

Akaingia uanagenzi wa useremala kwa Gunnar, fundi wa mapaa mwenye sauti ya msumeno. Wiki ya kwanza aliharibu mbao nyingi kuliko alizojenga. Alipima boriti juu, akashuka ngazi, akavuka ua hadi kwenye msumeno, na alipofika namba ilikuwa imekwenda zake. Alikisia kwa sababu aliona aibu kupanda tena. Gunnar alimpigia kelele kijiji kizima kisikie. Siku iliyofuata Maren alikunja mkono wa shati, akachukua penseli, akawa anaandika kila kipimo mkononi palepale alipopima. Vijana wa kazini wakamwita Gazeti. "Gazeti, leo kuna habari gani?" Naye akawajibu, "Leo kuna tangazo la kifo, lete kichwa chako nikipime." Mwaka wa tatu sasa, na mbao zilizokatwa vibaya pale uwanjani zilikuwa za wale waliotegemea vichwa vyao.

Kwa hiyo mkono ulikuwa wa kazi. Hotuba ilikuwa jambo jingine. Angeweza kuandika karatasi, angeweza kuandika mkononi chini ya mkono wa gauni, asingelaumiwa. Lakini baba yake alikuwa amesema usije ukasahau, mbele ya mama yake, huku anakula yai, na kama angesimama na karatasi kila mtu pale ukumbini angemsikia binti mwenye karatasi, maskini, anayejaribu. Alitaka kichwa chake kimtetee Asger chenyewe, maana ndicho kilichoumia. Ukaidi? Sawa, ulikuwa ukaidi. Watu waliotulia husahau kwamba kuna mambo hayaendi bila huo.

Ijumaa na Jumamosi walikuwa wakiezeka nyumba moja nje ya Lemvig. Maren aliigawa hotuba yake kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Mwanzo aliuweka kwenye kenchi ya kwanza, kuzaliwa kwa Asger kwenye ya pili, na kila alipopigilia msumari alikariri sehemu yake.

"Unaongea na nani huko juu?" Gunnar alipaza sauti.

"Na mdogo wangu!"

"Mwambie atushikie misumari basi!"

Sehemu moja ilimpa taabu. Alitaka hadithi ya Asger alipokuwa mdogo, kati ya miaka mitano na kumi, na hakuwa nayo hata moja. Ndiyo ilikuwa miaka yake ya Pipa. Alikwenda kwa mama yake kuomba. Bente alifikiri huku anakunja taulo, akampa moja, fupi. Maren aliiweka kwenye kenchi ya mwisho, akaipigilia na kuipigilia, maana haikuwa yake, na kitu cha kuazima hakikai.

Jumapili jua lilitoka na upepo wa magharibi ukawa mwepesi, bendera ikapandishwa uani. Kanisani Asger aliitikia maswali ya mchungaji kwa sauti iliyokatika katikati. Baadaye watu wakajaa ukumbi wa kijiji: meza ndefu, vibendera mezani, nyama ya ndama na viazi na rojo la kahawia, nyimbo za kumtania mtoto zilizotungwa na shangazi zake na kuchapwa kwenye karatasi za njano. Mjomba Ejvind, kaka yake Bente, alikuwa ameshafungua tai.

Flemming aligonga glasi yake kwa kisu, watu wakanyamaza. Alizungumza vizuri, kusema haki. Alisema Asger ana mikono ya babu yake na ubishi wa mama yake, watu wakacheka. Halafu akainama, akatoa kreti chini ya meza, akaiweka mbele ya mwanawe katikati ya keki na kadi za pongezi.

"Jana ulikuwa mtoto," alisema. "Leo karibu mezani kwa wanaume. Kesho nenda ukapate siku kama niliyopata mimi!"

Watu walipiga makofi. Wakasimama wakapiga hurra tatu fupi na moja ndefu, kama ilivyo ada, wakaketi. Masikio ya Asger yalikuwa mekundu, na kreti ilimziba mpaka kidevuni.

Maren aligonga glasi yake.

"Haya sasa," Ejvind alisema.

Alisimama bila kitu mikononi. Gauni lilikuwa la mikono mifupi. Alilichagua makusudi, wauone mkono, na mkono ulikuwa mweupe, umesuguliwa kwa sabuni.

"Asger," alianza, "ulizaliwa na nywele nyekundu na hasira. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka blanketi lako lilikuwa la manjano, na nakumbuka baba alilia hospitalini akatuambia ni mafua."

Watu wakacheka. Flemming naye akacheka.

"Nakumbuka ulitambaa kinyumenyume, ukaingia chini ya kabati tukakutafuta nyumba nzima. Neno lako la kwanza lilikuwa trekta. Nakumbuka siku uliyomuuma mbwa. Nayakumbuka yote, mpaka ulipofika miaka mitano." Alivuta pumzi. Kenchi zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine, zimekaa sawasawa. "Hapo ndipo na mimi nilipopata kreti yangu."

Uma zikatua sahanini.

"Maren," baba yake alisema kwa sauti ya chini.

"Sijamaliza, baba. Kwenye hotuba hakatizwi mtu." Akamgeukia tena Asger. "Kuanzia mitano mpaka kumi sina kitu chako. Watu husema nimesahau. Sikusahau. Mtu husahau kitu alichowahi kukiweka, na mimi sikukiweka. Nilikuwa nakula na wewe, naogelea na wewe, na asubuhi kichwani hakuna kilichobaki. Basi nilimwomba mama anipe siku moja, moja tu, nije niisimulie leo kama dada wengine wanavyosimulia. Nimeikariri siku mbili juu ya paa. Ilikuwa siku ile ya..."

Ikamponyoka. Aliiona kenchi, aliuona msumari, na pale palipokuwa na hadithi palikuwa na anga tupu. Alisubiri. Mtu mmoja alikohoa. Bente alikuwa ameinuka nusu kitini, midomo inatengeneza neno.

"Jamani, mpeni karatasi," Ejvind alisema, na wawili watatu wakacheka.

Hapo ndipo mtu wa kawaida huketi. Damu ilimpanda Maren mpaka masikioni, akataka kwa moyo wake wote ardhi ipasuke. Hakuketi.

"Kaa, mama. Usininong'oneze." Aliiegemea meza kwa ngumi mbili. "Mjomba, usihangaike na karatasi, tazama tu. Nyote tazameni. Mnadhani hotuba imenishinda? Hii ndiyo hotuba. Nina miaka ishirini na mitatu. Sijagusa tone kwa miaka minne. Nina akili zangu timamu, na paa la ukumbi huu likivuja mtaniita mimi. Na bado naitafuta siku moja ya ndugu yangu, niliyopewa juzi, na haiji. Ndivyo inavyokuwa. Haitishi, mtu haanguki wala hatoki damu, anasimama tu mbele za watu mdomo wazi. Mtoto huyu amekaririshwa sala na zaburi mwaka mzima, leo asubuhi hakukosea neno. Nyinyi mnamshangilia, halafu mnampa hii." Aliinyooshea kidole kreti. "Baba, ulinipa kwa mapenzi, najua. Kila mtu hapa alinipa kwa mapenzi. Sioni haya kwa niliyopoteza. Kama kuna aibu basi tuigawane, meza ni ndefu, itatutosha."

Flemming alikuwa ameshika kisu chake cha kugongea glasi kama aliyesahau kazi yake.

"Ni ya jino," Asger alisema.

Watu wakamgeukia. Aliisukuma kreti pembeni kwa sababu ilimziba asimwone dada yake.

"Hadithi aliyokupa mama. Ni ya jino langu la kwanza. Ulilifunga kwa uzi kwenye mlango wa jikoni ukaubamiza."

"Ndiyo," Maren alisema. "Ndiyo, ni hiyo."

"Lakini mama haijui yote. Yeye na baba walikuwa kwa mjomba." Sauti ilikatika, akaikohoa ikarudi. "Likatoka, nikafurahi, na wewe ukafurahi, ukanibeba. Halafu ukalala sakafuni. Nilikuita hukuamka. Nikakufunika na koti langu la theluji lakini lilikuwa dogo, lilifika hapa tu. Nikakuwekea jino mkononi, ili ukiamka uwe wa kwanza kuliona. Nikakaa." Akatazama sahani yake. "Asubuhi ukafungua mkono ukaniuliza, hili ni jino la nani?"

Bente aliketi taratibu.

"Nikakwambia la paka," Asger alisema. "Ukasema, haa."

Kicheko kilimtoka Maren kabla hajakizuia, kikaja na machozi yake, akayaacha yatelemke. Iliuma, iliuma kweli, kuliko kelele zote za Gunnar na jina la Pipa na orodha ya hospitali. Na papo hapo alifurahi. Sasa alikuwa nayo moja, tena nzima, na hii hakuiazima kwa mtu asiyekuwepo.

Hotuba haiishi bila hurra, na aliyesimama ndiye huanzisha. Alichukua glasi yake ya juisi ya maua.

"Kwa ndugu yangu Asger! Hurra!"

Ya kwanza waliitikia wachache. Ya pili wakaongezeka. Ile ndefu aliivuta yeye mwenyewe, akaivuta na kuivuta, akiwatazama mmoja mmoja mpaka kila aliyekuwa bado ameketi akasimama, na Ejvind pia. Midomo ya Flemming ilicheza pamoja na wengine, sauti haikutoka.

Jumatatu asubuhi Asger alivaa suti yake iliyombana, akatia hela mfukoni, akapita mbele ya ngazi.

"Huchukui?" baba yake aliuliza.

"Nzito, baba," Asger alisema, akakimbilia basi.

Alirudi kabla ya chakula cha jioni. Maren alikuwa jikoni anasugua mkono, Bente anakata mkate, Flemming yuko na gazeti mbele yake. Asger alitupa koti kitini akaanza kusimulia kabla hajaulizwa. Alisema basi lilichelewa na dereva alikuwa na soksi za rangi mbili. Alisema walikula soseji sokoni, halafu wakala aiskrimu, halafu wakarudia soseji. Rasmus alinunua viatu vya bei mbaya na saa ileile akakanyaga mavi ya mbwa. Kuna wawili walilewa wakatapika kwenye chemchemi ya mawe, na mmoja alilia akimwita mama yake. Msichana mmoja wa darasa jingine alimwambia nywele zake zinafanana na mbweha, na hakujua kama ni sifa au tusi.

"Alikuwa anacheka?" Maren aliuliza.

"Kidogo."

"Sifa hiyo. Halafu?"

Maren alimwongoza hivyohivyo, kwa halafu moja baada ya nyingine, na Asger hakuacha kitu, mpaka rangi ya skafu ya yule msichana. Gazeti la Flemming lilikuwa limeshuka mezani kitambo. Alikuwa anasikiliza mkono ukiwa shavuni, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Na wewe, baba?" Asger alimgeukia. Aliuliza kwa wema, ndiyo kwanza alikuwa amepata siku nzuri akataka na ya mwenzake. "Jumatatu yako ilikuwaje? Hujawahi kutusimulia."

"Aa, ile!" Flemming alitabasamu, akakivuta kiti mbele. "Ile ilikuwa siku nzuri. Nzuri sana."

"Halafu?"

"Tulikwenda mjini. Tulikuwa wengi."

"Kina nani?"

"Wote. Darasa zima."

"Mlikula nini?"

Flemming alifungua mdomo. Maren alikuwa anajua vizuri sura ile, alikuwa nayo yeye mwenyewe jana mbele ya watu wote, na hakutabasamu. Aliweka kikombe cha kahawa mbele ya baba yake na kubaki amesimama karibu na bega lake.

"Muulizeni mama yenu," Flemming alisema.

Bente aliweka kisu cha mkate chini. "Mimi sikuwepo, Flemming."

Alikisogeza kikombe pembeni. Kutoka pale alipoketi, mlango ukiwa wazi, kreti ilionekana chini ya ngazi na utepe wake wa kijani.

"Wala mimi sikuwepo," alisema.